"Kimeteguka tu": vidole vya wachezaji na viungo vyake

Pembeni ya uwanja wa netiboli maneno hayo husemwa kabla hata mchezaji hajavuka mstari kutoka nje. Pasi imekuja kwa kasi, vidole vimechelewa kufunguka, mpira umegonga ncha ya kidole cha pete. "Kimeteguka tu, mwalimu, nivute." Mwenzake anakivuta, kinalia ko, kinamwagiwa maji ya baridi, kipenga kinapulizwa. Wiki tatu baadaye kidole kimekunjika katikati kama ndoana na hakinyooki, na hapo ndipo hospitali inapokumbukwa.

Kosa linaanzia kwenye neno lenyewe. Kuteguka kunaeleza ajali tu. Hakusemi ni kitu gani kimechanika. Chini ya uvimbe mmoja huweza kujificha majeraha manne au matano yanayofanana kwa macho kama mapacha, huku tiba zake zikigombana. Moja linataka kidole kianze kukunjwa kesho yake. Jingine linataka kisikunjwe hata mara moja kwa wiki 6. Ukizipishanisha tiba hizo, la kwanza litakakamaa na la pili halitaunga.

Tukubaliane majina kwanza, maana hata hospitalini watu hupishana hapa. Ukiacha gumba, kila kidole kina pingili tatu na viungo vitatu: kiungo cha shina, pale mtu anapopigia konzi; kiungo cha kati; na kiungo cha ncha, nyuma kidogo ya ukucha. Kiungo cha kati ndicho kinachosumbua zaidi na ndicho kisichosamehe. Kimezungushiwa ukuta pande zote nne: ubavuni ligamenti mbili, yaani kamba zinazofunga mfupa kwa mfupa, upande wa kiganja bamba gumu linalokizuia kisipinde kwenda nyuma, na mgongoni kano bapa, nyembamba kama utepe, inayokinyoosha. Kazi ya mkaguzi ni kujua ukuta upi umebomoka.

Kabla ya yote, pete. Ivuliwe palepale, kabla uvimbe haujapanda. Ikigoma, tumia uzi mnene wa nailoni: pitisha ncha fupi chini ya pete itokee nyuma yake, kwenye shina la kidole, kisha zungusha sehemu ndefu kwa kubana kuanzia penye pete hadi uvuke kiungo cha kati, mzunguko ukigusana na mwenzake. Shika ile ncha fupi uufungue uzi ukiuvuta kuelekea ukuchani, nayo pete itatembea juu yake. Kiungo kikiwa kimechomoka, au ukishuku mfupa umevunjika, usizungushe uzi wowote; pete ikatwe.

Halafu bonyeza ukucha uwe mweupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Gusa ncha ya kidole pande zote mbili kwa pamba na uulize kama anasikia sawasawa. Tazama ngozi. Kidole kilichochomoka na kupasua ngozi, hata kwa mpasuko mdogo kwenye mkunjo wa upande wa kiganja, ni kiungo kilicho wazi: kifunikwe kwa shashi safi yenye unyevu na kipelekwe kuoshwa hospitalini. Vivyo hivyo kidonda kidogo juu ya kiungo cha shina baada ya mkono kugonga meno ya mtu. Kinaonekana kama mkwaruzo, lakini vijidudu vya kinywa cha binadamu huweza kuozesha kiungo katika siku chache, na plasta ya duka la dawa haitavizuia.

Sasa ukaguzi wenyewe. Chukua penseli, geuza upande wa kifutio, na ubonyeze kiungo taratibu kwenye sehemu nne: mgongoni, upande wa kiganja, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia. Usitumie kidole chako. Ni kinene mno. Kinabonyeza ubavu huku kinagusa na mgongo, na mchezaji anakuambia panauma kote. Kwa kifutio, karibu kila mara kuna sehemu moja inayomfanya ashtuke, na hiyo moja tayari imekupa nusu ya jibu.

Nusu ya pili anaitoa mwenyewe. Mwambie anyooshe na akunje kila kiungo peke yake, kwa nguvu zake, bila wewe kumsaidia. Kukinyoosha kwa mkono wako hakuthibitishi kitu. Kano iliyokatika haizuii mkono wa mtu mwingine. Kisha akunje vidole vinne nusu ngumi. Ncha zake zote zinapaswa kuelekea sehemu moja, kwenye shina la gumba karibu na kifundo cha mkono. Kimoja kikipanda juu ya jirani yake, kuna mfupa uliovunjika ukajizungusha, na jambo hilo halionekani kidole kikiwa kimenyooka.

Mwisho jaribu ubavu: kidole kikiwa kimenyooka, kisha kikiwa kimekunjwa nyuzi 30, kisukume taratibu upande huu na ule, ukilinganisha na kidole hichohicho cha mkono usioumia. Kikifunguka zaidi ya nyuzi 20 bila kugota, ligamenti imekatika yote. Kama dalili za mfupa kuvunjika zipo, picha itangulie jaribio hili. Maumivu yakizuia kila kitu, daktari anaweza kupiga ganzi kwenye shina la kidole, lidokaini ya asilimia 1, mililita 2 hadi 3 zikigawanywa pande mbili, baada ya kupima hisia na si kabla.

Kuhusu picha, kuna jambo moja la kung'ang'ania: eksirei iwe ya kidole, si ya mkono mzima. Picha ya mkono ikipigwa ubavuni, vidole vinne hupandana na kipande cha mfupa cha milimita 2 hupotea humo. Omba ya mbele, ya mshazari na ya ubavuni kabisa, vidole vingine vikiwa vimekunjwa kupisha. Kwenye ile ya ubavuni tazama kama nyuso mbili za kiungo cha kati ziko sambamba. Ukiona mwanya wenye umbo la V upande wa mgongoni, kiungo hakijarudi mahali pake, hata kama kidole kwa nje kinaonekana kimenyooka. Kipande kilichovunjika kikichukua zaidi ya theluthi ya uso wa kiungo, daktari wa mifupa akione mapema.

Sasa huku kuvuta. Kiungo cha kati kinapochomoka, mara nyingi pingili ya kati hupanda juu mgongoni. Watu hukamata ncha na kuvuta moja kwa moja kwa nguvu, na wakati mwingine wanafaulu. Wasipofaulu, huwa wamelivuta lile bamba la upande wa kiganja likaingia katikati ya mifupa, na kiungo ambacho kingerudi kwa sekunde kumi sasa kinahitaji chumba cha upasuaji. Anayejua kazi hii hafanyi hivyo. Anashika pingili ya shina kwa mkono mmoja, anaipandisha kidogo pingili ya kati kuelekea mgongoni, kana kwamba anaongeza lile kosa, anavuta kwa upole, kisha kwa dole gumba anasukuma kitako cha pingili ya kati kwenda mbele kiteleze juu ya mwenzake. Nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Majaribio mawili yakishindikana, acha.

Kuna vidole viwili visivyoguswa kabisa uwanjani. Cha kwanza ni kile ambacho kiungo chake cha shina kimechomoka, hasa cha shahada: kidole kimeinuka kidogo tu, na kiganjani, mbele ya kiungo, ngozi imeingia ndani kama kishimo. Kukivuta hicho ni kukaza kitanzi. Cha pili ni kile ambacho pingili ya kati imeshuka upande wa kiganja au imejipinda kwa kuzunguka. Ni nadra, lakini kikitokea maana yake utepe wa mgongoni huenda umekatika, na hata kikirudi hakitibiwi kama kile ambacho pingili ya kati ilipanda mgongoni.

Kiungo kikisharudi, kipigwe picha hata kama kinaonekana kizuri. Kisha mchezaji akikunje na kukinyoosha mwenyewe. Kikibaki mahali pake mwendo wote, tiba yake ni kufungwa na jirani na kuanza kukunjwa mapema. Kikiwa kinataka kutoka kinapokaribia kunyooka, huwekewa gango, yaani kipande kigumu cha kukishikilia kidole, mgongoni linalokizuia kwenye nyuzi 20 hadi 30 huku kikiruhusiwa kukunjwa. Kizuizi hupunguzwa nyuzi 10 hivi kila wiki, na baada ya wiki 3 au 4 huwa kimekwisha. Kukifunga bila mwendo zaidi ya wiki 3 ndilo kosa la watu waangalifu, na linaleta ukakamavu usioondoka.

Kufunga na jirani kunaonekana ni kazi ya mtoto, ila hukosewa kila siku. Weka shashi au kipande cha sponji katikati ya vidole viwili, la sivyo jasho litaivisha ngozi ndani ya siku 3. Tepu mbili, kila moja upana wa sentimita 1 hadi 1.5: ya kwanza kwenye pingili ya shina, ya pili kwenye pingili ya kati. Viungo vibaki wazi. Tepu ikikaa juu ya kiungo umeshatengeneza gango bila kukusudia. Jirani achaguliwe upande ulioumia kila inapowezekana. Kidole kidogo kina shida yake: kiungo chake cha kati hakilingani na cha kidole cha pete, kiko chini zaidi, kwa hiyo tepu zikipita mlalo zitakipinda. Zipite kwa mshazari, na mchezaji akunje ngumi kabla hujakata tepu ya pili uone kama vinakwenda pamoja.

Jeraha linalopotea zaidi, na lililozaa ile ndoana ya mwanzo, ni la utepe wa mgongoni. Siku ya kwanza mchezaji ananyoosha kidole vizuri tu, na kila mtu anarudi nyumbani ameridhika. Sababu ni kwamba ubavuni mwa kiungo kuna kano nyingine mbili ambazo bado zinafanya kazi ya kunyoosha. Utepe ukikatika, kano hizo huanza kuteleza kidogo kidogo kwenda upande wa kiganja. Zikivuka mhimili wa kiungo zinageuka: kila anapojaribu kunyoosha, zinakunja kiungo cha kati na kukaza cha ncha. Huchukua wiki moja hadi tatu, ndiyo maana hakuna anayekumbuka ile pasi.

Jaribio la kulikamata siku ya kwanza halihitaji kifaa. Mkalishe mchezaji, kidole kilale juu ya meza na kiungo cha kati kikunjwe nyuzi 90 kwenye ukingo wake, pingili ya kati ikining'inia. Weka kidole chako juu ya pingili hiyo umzuie, umwambie asukume kwenda juu. Sasa acha kutazama kiungo cha kati, gusa ncha. Utepe ukiwa mzima, msukumo una nguvu na ncha inalegea, unaichezesha upendavyo. Utepe ukiwa umekatika, msukumo ni dhaifu na ncha inakakamaa kama kijiti, kwa sababu nguvu yote imepitia kwenye zile kano za ubavuni. Kama kifutio kilimshtua mgongoni na maumivu hayakuruhusu jaribio kukamilika, mtibu kana kwamba umekatika, na umkague tena baada ya siku 5 hadi 7.

Tiba yake ni gango linalonyoosha kiungo cha kati pekee kwa wiki 6, usiku na mchana. Kijiti cha kubonyezea ulimi kinatosha: kikate kwa kipimo cha kidole chenyewe, kwa mtu mzima mara nyingi sentimita 4 au 5, viringisha pembe, kivishe sponji, kiweke upande wa kiganja. Tepu moja nyuma ya kiungo, moja mbele yake, ya tatu juu ya kiungo chenyewe kukisukuma kinyooke. Hakikisha kiungo cha ncha kinabaki huru, kwa sababu humo ndimo nusu ya tiba ilimo: mchezaji akunje ncha kwa nguvu zake mara 10 kila saa akiwa macho. Kila anapofanya hivyo anazivuta zile kano za ubavuni zirudi juu mahali pake. Gango refu linalofunika hadi ukucha, kama yanayouzwa tayari madukani, linamnyima kazi hiyo. Wiki ya 7 anaanza kukunja kiungo cha kati hadi nyuzi 30 au 40 tu, akiongeza kila wiki, na gango hubaki usiku na mazoezini kwa wiki 2 hadi 4 zaidi.

Ncha iliyoinama ni ndugu wa jeraha hilo, ila hujitangaza yenyewe: mpira umegonga kidole kilichonyooka, ncha imelala na haiinuki. Wachezaji wa mpira wa wavu na makipa wanaijua. Picha ya ubavuni ipigwe. Kiungo kikiwa hakijasogea, gango la kunyoosha ncha peke yake hukaa wiki 6 hadi 8 mfululizo, kisha usiku tu kwa wiki 2 hadi 4. Kiungo cha kati kiachwe kikunjwe. Usiipinde ncha nyuma kupita kiasi: ngozi ya mgongoni ikiwa nyeupe damu haipiti, na kidonda kitafuata.

Wengi hushindwa siku ya kuosha. Mchezaji anavua gango bafuni, ncha inalala sekunde moja, anavaa tena na hamwambii mtu. Hesabu ya wiki 6 imeanza upya siku hiyo. Afundishwe hivi: kiganja kilale mezani, gango lisukumwe litoke kwa mbele huku kidole hakijaacha meza, kioshwe na kukaushwa hapohapo, gango lirudishwe. Aonyeshwe kwa vitendo, naye arudie mbele yako. Aliyechelewa asikate tamaa. Hata baada ya wiki kadhaa gango mara nyingi linasaidia.

Kinyume chake ni ncha isiyokunjika. Kwenye raga, mchezaji amekamata jezi ya anayekimbia, jezi imemponyoka, kidole cha pete kinauma. Kinanyooka, hakijapinda, picha huenda ikawa safi kabisa. Shikilia kiungo cha kati kikiwa kimenyooka, umwambie akunje ncha. Isipokunjika, kano imeng'oka mfupani, na mara nyingine imerudi hadi kiganjani ambako ukibonyeza panauma. Hapa hakuna gango wala kusubiri: daktari wa upasuaji amwone ndani ya siku 7 hadi 10, la sivyo kano inajikunyata na hairudi. Kwa Tanzania ni busara kuomba rufaa ya moja kwa moja kwenda kwenye hospitali yenye wapasuaji wa mifupa, kama MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi au Bugando ya Mwanza, kuliko kuanza na wiki mbili za kupaka dawa ya kuchua.

Gumba linalofunguliwa kwa nguvu upande wa nje, kama la kipa aliyeangukia mpira, litazamwe ligamenti ya kiungo cha shina upande unaoelekea kidole cha shahada. Picha kwanza, kisha jaribio la ubavu. Likifunguka zaidi ya nyuzi 30 hadi 35, au nyuzi 15 kuliko la mkono wa pili, ni la daktari wa upasuaji, kwa sababu ncha ya ligamenti huweza kunaswa juu ya kano jirani na isishike kamwe. Lililochanika nusu hufungwa gango la gumba wiki 4 hadi 6.

Watoto wa UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na wengi wa UMISSETA, ile ya sekondari, mifupa yao bado inakua, na kuna jeraha lao moja la kuogopa: ncha imeinama kama ile ya juu, lakini ukucha umechomoka kwenye shina lake na kuna damu. Huo ni mfupa uliovunjika kwenye sehemu ya kukua, tena ulio wazi. Ukitibiwa kama ncha iliyoinama ya kawaida, mfupa huota usaha.

Kukanda kwa maji ya moto na kuchua katika siku za mwanzo huongeza damu na uvimbe. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 kwa wakati mmoja, na mkono kuinuliwa juu ya moyo vinatosha. Kufungwa vijiti vilivyobana ni hatari zaidi. Ncha ikiwa baridi, ya bluu au ikifa ganzi, vijiti vifunguliwe saa hiyohiyo, asubuhi isisubiriwe.

Kurudi uwanjani kunapimwa kwa mambo matatu: anakunja ngumi kamili, hashtuki ukimbonyeza kwa kifutio palepale, na nguvu ya mkono imekaribia ya mkono wake wa pili. Apewe pia taarifa moja mapema ili asije akaitafutia dawa: kiungo cha kati kilichoumia hubaki kinene miezi 6 hadi 12, na wakati mwingine hakirudi kuwa chembamba kabisa. Bendeji laini ya mpira, ikizungushwa kutoka nchani kuelekea shina, husaidia kidogo. Na ile pete iliyovuliwa siku ya kwanza asiipeleke kwa sonara kupanuliwa kabla mwaka haujaisha.